Eti klachi kaiua mwanamke!

Wanaume wa mji huu wana kesi moja ambayo hawaiahirishi hata siku moja. Gari ya manyuo ikiharibika klachi, wakasikia mwenye gari ni mwanamke, basi hukumu imeshasomwa. Hakuna shahidi, hakuna rufaa. "Mguu wa sister huo!" Wanacheka, wanagongeana mikono, inaitwa kesi nyingine.

Mshitakiwa wa wiki hii ni mimi.

Naendesha Subaru Impreza WRX, lita 2 yenye taabo, manyuo, gia tano. Ilitoka kiwandani mwaka 2003, ikazeekea Japani, ikaja kuzeeka tena kwa bwana mmoja hapa Dar, ndipo ikafika kwangu. Najua mtauliza: binti na mchuma kama huo, wapi na wapi? Naipenda sauti yake. Sina maelezo mengine.

Miezi minane baada ya kuinunua, jioni moja napanda Kimara, gia ya nne, nakanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko unapaa, injini inalia kama imefiwa, lakini gari haiongezi mwendo hata chembe. Aliyewahi kuendesha manyuo anajua tafsiri yake. Klachi inateleza.

Kesho yake nikaipeleka gereji. Fundi, kijana tu wa rika langu, hajafungua hata boneti, akaniuliza: "Dada, huwa unalaza mguu kwenye klachi, eeh?" Nikamwambia silazi. Akatabasamu tabasamu la daktari anayejua mgonjwa anamficha kitu. Bei yake laki tisa, vifaa na ufundi. Halafu, na hili ndilo lililonichoma, akampigia simu mchumba wangu, ambaye namba yake aliipata siku moja jamaa alipokuja kunichukua pale. "Shemeji, huyu mnunulie Vitz ya oto. Hii itawafilisi."

Mchumba wangu, Mungu ambariki, alijibu maneno matatu: "Muulize mwenye gari."

Laki tisa si mchezo, hasa katikati ya mwezi. Lakini kilichonikosesha usingizi hakikuwa laki tisa ya kwanza. Ilikuwa ya pili na ya tatu. Nikishakubali kwamba mguu wangu ndio muuaji, kila fundi atakayeigusa gari ile ataanzia hapohapo, na hakuna atakayesumbuka kutafuta kingine. Nikamwambia: sawa, shusha gia boksi, ila nitakaa hapa hapa mpaka niione hiyo klachi kwa macho yangu. Akanipa ndoo iliyopinduliwa, nikakaa.

Wakati spana zinafanya kazi, tuelewane kwanza klachi ni kitu gani, maana vijiweni watu wanaitaja kama jini.

Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma, flaiwili, linalozunguka na injini muda wote. Mbele ya gia boksi kuna sahani, pleti ya klachi, yenye ngozi ngumu pande zote mbili, ngozi ya ukoo mmoja na pedi za breki. Presha pleti, kwa nguvu ya springi yake, inaibana ile sahani kwenye flaiwili. Ikibanwa, injini na matairi vinakuwa kitu kimoja. Ukikanyaga pedeli, mbano unaachia, kila mtu na lwake.

Klachi iliyobanwa sawasawa hailiki. Soma tena hapo. Ukiwa unakata mbuga kuelekea Morogoro na gia ya tano, sahani na flaiwili vinazunguka pamoja kama bwana na bibi harusi kwenye muziki wa taratibu. Hakuna kusuguana, hakuna kulika. Vinalika pale vinapopishana mwendo: unapoondoa gari, unapobadili gia, au unapoishikilia pedeli nusu juu nusu chini ili gari isirudi nyuma mlimani.

Ndiyo maana mtu akikuambia "klachi hii ina kilomita elfu thelathini tu", hajakuambia kitu. Niliwahi kuhesabu. Kutoka Mbezi hadi Posta asubuhi ya Jumatatu, niliondoa gari kutoka kusimama mara 143. Kutoka Dar hadi Morogoro, kama kilomita 190 hivi, nilihesabu mara 22, na nyingi ya hizo kabla sijafika Kibaha. Sasa niambie ni safari ipi iliyoila klachi. Kuna watu wanafikisha kilomita laki moja na zaidi kwa klachi moja, na wapo wanaoimaliza kabla ya elfu ishirini, gari ya aina ileile. Kuna hata wanaoiunguza kwa siku moja, wakinasa kwenye mchanga wa ufukweni na kukazana kukanyaga mafuta huku pedeli iko katikati.

Na joto nalo lina hesabu zake za kikatili. Ukiondoa gari kwa kuishikilia injini kwenye mizunguko 4,000 badala ya 2,000, joto linaloingia kwenye ile sahani haliongezeki mara mbili. Ni karibu mara nne. Yule kijana anayeng'oka taa za Morocco kama anakimbizwa na polisi, kila kijani moja analipa bei ya kijani nne. Watu barazani wanapiga miluzi, klachi inalia kimyakimya.

Gari ya spoti ina balaa la ziada. Wengi wanadhani klachi yake ni nyonge. Wapi! Ina nguvu kuliko ya gari yenu ya nyumbani. Kwa sababu injini inasukuma sana, kiwanda kinaweka springi kali ili sahani isiteleze. Ndiyo maana pedeli yake nzito, na inauma ghafla. Imetengenezwa kwa kuuma na kuachia. Haikutengenezwa kwa kubembelezwa nusu saa kwenye foleni ya Buguruni.

Halafu gari kama yangu inasukuma matairi yote manne. Kwenye gari inayosukuma mawili, ukiachia klachi kwa pupa matairi yanazungukia hapohapo, moshi unatoka, klachi inapona. Kwenye Subaru hii lami imeshikwa kotekote. Kitu lazima kiteleze, na kama tairi limekataa basi ni klachi. Klachi nayo ikikataa, mzigo unahamia kwenye meno ya gia boksi, na hapo ndipo utakapojua maana ya neno ukata.

Kwa hiyo ninyi mliorithi mapenzi ya Subaru kutoka kwa Colin McRae, aliposhinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 akiwa na Impreza, kumbukeni jambo moja. McRae alikuwa na kundi la mafundi linalomsubiri njiani, na mafundi wa timu kama zile huweza kubadilisha gia boksi nzima chini ya nusu saa. Wewe una fundi anayesema "njoo Ijumaa", na Ijumaa yenyewe hakutaja ni ya mwezi gani.

Basi, turudi kwenye ndoo yangu.

Gia boksi ilishuka saa nane mchana. Fundi akafungua presha pleti, akaichomoa sahani, akaitupa kwenye benchi bila kuitazama. "Si unaona? Imekwisha." Nikaichukua.

Klachi iliyouawa na mguu ina alama zake, na hazifichiki. Ngozi yake inakuwa imelika pande zote hadi vichwa vya ribiti vinachungulia. Flaiwili inakuwa na madoa ya bluu, ile bluu ya chuma kilichopata moto mkali, na wakati mwingine nyufa nyembamba kama za tope lililokauka. Harufu yake huisahau, kama pembe ya ng'ombe iliyotupwa jikoni.

Hii haikuwa na hata moja. Flaiwili kijivu, safi, haina bluu. Nikamwambia fundi atoe ile mpya kwenye boksi. Tukaziweka mbili bega kwa bega. Unene ulikuwa karibu sawa! Ribiti ziko chini kabisa, zimelala. Ila ile ya zamani ngozi yake ilikuwa nyeusi, inang'aa kama kikaango cha mama ntilie.

Kijana akakuna kichwa. Upande wa pili wa uwanja kulikuwa na mzee mmoja, fundi wa malori, aliyekuwa akitusikiliza huku anakunywa chai. Akaja taratibu, akapitisha kidole kwenye sahani, akakinusa.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Hii haijaungua." Akamgeukia kijana. "Hii imelewa. Imekunywa oili."

Oili! Ngozi ya klachi ya namna hii inategemea kuwa kavu. Tone la oili likiingia katikati, msuguano unapungua, sahani inateleza hata kama ni mpya kabisa. Ikiteleza inapata joto, oili inaivia juu yake, inakuwa gamba linalong'aa, na hapo hata ukiifuta na petroli haitashika tena. (Mtaniuliza, mbona klachi ya bodaboda imo ndani ya oili na inafanya kazi? Ni kweli. Pikipiki nyingi klachi yake ni ya sahani kadhaa zilizopangana, na ngozi zake zimetengenezwa kuogelea. Hii ya kwangu haijui kuogelea.)

Mzee akamulika tochi nyuma ya injini, akaonyesha. Kwenye injini hizi za Subaru, nyuma ya flaiwili kuna kifuniko kidogo ambacho kwenye nyingi za zamani kilikuwa cha plastiki. Baada ya miaka mingi ya joto plastiki inajipinda, oili inaanza kuchuruzika kidogokidogo, na flaiwili inayozunguka inairusha kila upande. Baadaye Subaru wenyewe walihamia kifuniko cha chuma. Changu kilikuwa bado kile kile cha plastiki, kimepinda kama sahani ya pilau iliyosahauliwa karibu na jiko, na chini yake oili imeganda tabaka juu ya tabaka. Hiyo si kazi ya miezi minane. Bwana aliyeniuzia alikuwa nayo, na pengine aliyemuuzia yeye pia.

Sasa fikiria. Kama nisingekaa kwenye ile ndoo, pleti mpya ingefungwa palepale, chini ya lile bomba la oili, nami ningelipa laki tisa na kuondoka nikiomba radhi. Baada ya miezi michache ingelewa tena. Na wangesema nini? "Si tulimwambia shemeji?"

Kijana wa watu, ili asishindwe kabisa, akasema: "Haya, lakini hata hivyo ilikuwa inaelekea kufa." Mzee akarudi kwenye chai yake.

Habari ikafika kijiweni kabla yangu, na kijiwe kikawa na ushauri mpya. Eti kwa kuwa gia boksi iko chini, nifunge klachi ya mashindano kabisa, ile ambayo badala ya ngozi ya mviringo ina vipande vinne au sita vya seramiki au unga wa shaba ulioshindiliwa kwa moto. "Hiyo, dada, usipime! Haitelezi milele."

Ni kweli inavumilia joto sana. Lakini haina katikati. Ni kama swichi ya taa, imewaka au imezimwa. Kwenye foleni ya Mwenge utakuwa unarukaruka kama chura, na pedeli itakupa paja la mcheza mpira, mguu mmoja tu. La zaidi ni lile la meno ya gia. Gia boksi ya gia tano ya Impreza inajulikana dunia nzima kuvunjika meno kwa waendeshaji wanaoachia klachi kwa fujo. Klachi inayoteleza kidogo ndiyo fyuzi yake. Nani anaweka msumari mahali pa fyuzi ili kuokoa fyuzi? Nikafunga ya kawaida, saizi ya kiwandani.

Wenye hela zao nao wasijione wameepuka. Mwaka 1997 Ferrari walitoa F355 yenye gia boksi waliyoiita ya F1. Pedeli ya klachi hakuna, unavuta kijiti nyuma ya usukani, basi. Lakini ndani klachi ni ileile kavu. Kilichobadilika ni kwamba inakanyagwa na pampu ya mafuta inayoongozwa na kompyuta. Matajiri wakadhani wamenunua oto. Wakaitambaza kwenye foleni, wakairudisha rivasi kupanda kwenye maegesho ya mlima, klachi zikaungua. Kwenye zile zilizofuata, 360 Modena na F430, fundi anachomeka kompyuta na kusoma klachi imelika asilimia ngapi. Kompyuta haina habari na jinsia ya mwenye gari. Ningeipenda sana hiyo pale gereji.

Lakini inayonichekesha zaidi ni Porsche Carrera GT, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2003 hadi 2006. Injini silinda kumi, nguvu farasi zaidi ya 600, na klachi ya seramiki yenye kipenyo cha milimita 169 tu. Sahani ya chai, jamani! Walitaka injini ikae chini kabisa, ndiyo maana klachi ikawa ndogo. Waandishi wa magari, wanaume wazima, walikuwa wanaizima mbele za watu. Siri ya kuiondoa ilikuwa usiguse mafuta kabisa. Unaiacha injini kwenye sailensa yake, unaachia klachi polepole, kompyuta inaongeza mafuta yenyewe, gari inaondoka. Ukikanyaga mafuta kwa mbwembwe, ama inazima ama unaichoma. Gari ya mabilioni inataka mguu wa mtu asiyekuwa na papara. Nimekuwa nikiwasimulia hii wale wa "mguu wa sister" na bado nasubiri wacheke.

Siku hizi magari mengi ya spoti yanakuja na klachi mbili ndani ya gia boksi moja, moja ya gia 1, 3, 5 na nyingine ya 2, 4, 6, na kompyuta inazipokezanisha. Golf R32 ya mwaka 2003 ndiyo iliyoingiza mtindo huo barabarani. Nissan GT-R ya mwaka 2007 ikaupeleka mbali zaidi. Nyingi zinaogelea kwenye oili kwa makusudi, hivyo zinapoa vizuri. Sawa, ni maendeleo. Lakini zikifa huko Sinza, usinipigie simu, mimi na ndoo yangu hatutakusaidia.

Wenye manyuo kama mimi tuendelee na mguu. Mimi kwenye foleni naweka nyutro, natoa mguu kabisa. Naacha nafasi mbele ya gari moja na nusu, ili nikisogea nisogee kweli, niachie klachi yote, si kutambaa hatua mbili na kusimama. Hiyo nafasi daladala italiingia pengo lake, najua. Mwache aingie. Kwenye mteremko wa pantoni ya Kigamboni, pale gari zinapopanda moja moja, nashikilia kwa hendibreki, si kwa klachi. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2016 napita huko mara nyingi zaidi. Watu wanadhani naringa, kumbe naogopa ule mteremko. Kitonga ndiyo usiseme. Nyuma ya lori lenye mzigo nasubiri liende mbali ndipo niondoke, honi za nyuma hazijawahi kunilipia klachi.

Mwisho wa yote nilibadilisha pleti, presha pleti na rilizi beringi kwa pamoja, maana gharama kubwa ni ya kushusha gia boksi, si ya vifaa vidogo. Flaiwili ikapelekwa kwa mchonga vyuma ikapigwa uso. Kifuniko cha chuma, kile kilichokuwa chanzo cha kesi nzima, nilikipata Gerezani, na kilikuwa kitu cha bei rahisi kuliko vyote siku ile. Sili ya nyuma ya injini nayo mpya.

Na kama unaenda kununua gari ya namna hii, usitosheke na rangi na rimu. Omba uendeshe. Kwenye barabara iliyo wazi, mwendo wa kama kilomita 60 kwa saa, weka gia ya nne kisha kanyaga mafuta yote. Mshale wa mizunguko upande pamoja na mwendo. Ukipanda peke yake, klachi hiyo inateleza, na huna haja ya kubishana na mtu. Chungulia chini, pale injini inapokutana na gia boksi, uone kama kuna unyevu wa oili. Muuzaji akikuambia gari bado ya baridi, usiwe na haraka, subiri ipate moto ndipo ujaribu. Klachi iliyochoka hujitaja ikiwa ya moto.